Maji ya Kwanza

Kaka Khalfani, umeniuliza kwa simu
pesa ya marehemu baba imekwenda wapi.
Kwa simu nilishindwa. Nakuandikia.

Maduka manne ya wakfu, hapa Ibra, nyuma ya soko,
kodi yake miaka yote tuliigeuza mchele:
magunia, Ramadhani, foleni, picha, basi.
Sikatai. Mwenye njaa hangoji hoja.
Lakini mwaka juzi, Jumatano, soko la wanawake,
Ghaniya binti Msellem alinishika mkono
akanionyesha ndoo tatu za ndimu zilizooza.
"Sitaki mchele wako," alisema.
"Nataka chumba cha baridi. Tuko kumi na saba.
Benki wameniuliza dhamana, nikawaonyesha mikono."

Nilikwenda mwenyewe. Kijana wa mikopo,
kanzu imenyooshwa, kalamu ina kifuniko,
akasema biashara ni nzuri, ila wao hawajulikani.
Hawajulikani!
Wamekaa pale tangu kabla mama yake hajaposwa.

Usiku ule nikalikumbuka falaji letu,
mwaka lilipokauka miezi minane, kisha likafunguliwa.
Tulikimbia mbele ya maji, miguu peku,
tukayangoja kwenye mtende wa mwisho.
Hayakufika. Ardhi iliyanywa yote.
Wewe ulilia. Baba akakufuta pua kwa kilemba:
"Maji ya kwanza si ya mtende, mwanangu.
Ni ya mfereji. Ya pili ndiyo yatakayopita."

Asubuhi nikarudi kwa kijana.
Weka elfu thelathini zako, nikamwambia,
mimi naweka elfu sita chini yake.
Hasara ikija, ianze kwangu.
Itafune ya marehemu mpaka iishe
ndipo ije kubisha hodi kwenu.
(Riba hamna; niliuliza mara mbili.)
Kalamu ikavuliwa kifuniko.

Na hasara ilikuja, sikufichi.
Mwezi wa sita, joto nyuzi arubaini na nane,
mtambo wa baridi ukaungua.
Riali elfu moja na mia nne za baba
zikaenda na moshi. Nililala macho
nikimsikia akihesabu.
Benki haikuguswa. Kwa hiyo benki haikukimbia.

Sasa wanalipa. Polepole, kila tarehe tisa,
nyingine baisa tupu, zimefungwa kwenye leso.
Halafu wiki iliyopita kijana yule
alimpigia Ghaniya, bila mimi,
kumuuliza kama wanawake wa Bidiya nao wanataka.
Hakutaja dhamana. Hakunitaja.
Nilifurahi, kaka, na wivu ukanishika,
vyote viwili, nikiwa nimesimama jikoni na mwiko.

Unasema sadaka hairudi,
kinachorudi ni biashara.
Sijui. Nimemuuliza kadhi,
kaniambia nipite wiki ijayo;
hii ni wiki ya nne.

Mchele upo, usihofu.
Maduka mawili bado ni mchele,
mawili ni maji.
Ukija Idi, kabla hujanigombeza,
teremka bondeni, ufuate mfereji upande wa juu,
pale pasipo mtende wala shamba la mtu.
Weka kiganja kwenye udongo.
Umelowa,
na hakuna aliyepanda chochote hapo.