Mzinga Usio na Mlango

Sega la Sikonge lina pande sita, na sita, na sita,
kwa hiyo hulala bapa kama mkeka.
Nilipokuwa mdogo nilimuuliza baba,
aliyekuwa chini ya mtundu akilamba kisu,
kwa nini nyuki hawafumi mpira.
Akasema: wataingilia wapi?

Miaka thelathini na mmoja.
Niko Cheyo, Tabora mjini,
chumba cha nyuma cha maabara ya shule,
na jibu liko kwenye kichupa, jeusi kama masizi:
chomeka vipande kumi na viwili vya pande tano
katikati ya sita za nyuki,
mkeka utajikunja, utajifunga,
kaboni sitini, bila tundu la kupitisha hata pumzi.

Mimina toluini. Rangi ni zambarau,
zile zilizoiva hadi ulimi unakusaliti kwa mama.
Tia platini, unga aliouleta Nkamba kwa treni
ndani ya kibati cha lozenji kilichozibwa kwa nta,
na zambarau inageuka kijani
wakati bado unatafuta kalamu.

Sasa nyaya tatu, chumvi kidogo,
na nitrojeni tuliyokopa kwa Machimu
anayepandikiza ng'ombe mbegu huko Ipuli.
(Alitaka kujua ng'ombe wetu ni wa aina gani.)
Iache itokote nusu saa.
Oksijeni ni mdokozi: ikibaki chembe
itazinyakua elektroni kabla hazijafika.

Halafu unashusha volti, taratibu,
unazipandisha tena,
na kwenye kioo mstari unachora
bonde la kwenda, kilima cha kurudi.
Kilichopokelewa kimerudishwa.
Hiyo ndiyo heshima ya mpira mtupu.
Lushinge wa kidato cha sita, asiyeombwa,
akaandika ubaoni:

*Mpira wa masizini, una mlango wa siri,*
*Mzigo mmoja ndani, wa pili nje usubiri,*
*Sita wapanga foleni, kwa adabu na hiari,*
*Metali i mgongoni, mlango hutaka nguvu.*

Nikamwambia mlango haupo.
Akasema, mwalimu, mizani ilidai.

Lakini mstari wa mwisho hakuukosea.
Platini imekaa ubavuni mwa mpira,
mchana kutwa inaupakulia elektroni zake,
na aliyekwisha kula kwa jirani
haitiki kwa mwito wa kwanza.
Bonde lilisogea theluthi ya volti, upande wa hasi.
Theluthi! Nikapima upya, na chuma kati ya pete zake mbili,
kile tunachokitumia kama jiwe la maili sifuri.
Theluthi ileile.

Elektroni ya kwanza ilikwenda, ikarudi.
Ya pili ilikwenda.
Tulisubiri kilima chake kama watu wa stesheni
wanaosikia honi na hawaoni moshi.
Mzunguko uliofuata kikachomoza kingine,
pale pa zamani, pa mpira mtupu.
Platini ilikuwa imeshuka njiani.

Msinitafutie fumbo hapo.
Ndiyo, niliwahi kuolewa, Tabora nzima inajua,
lakini hapa palikuwa na waya, chumvi,
na umeme wa TANESCO uliokatika mara mbili.
Tulirudia mara saba. Mara saba ilishuka.
Lushinge alilala juu ya daftari,
shavu lake likanakili nusu ya jedwali.

Usiku nikampigia baba.
Nikamwambia, ule mpira nimeupata, na wanaingia.
Wanaingilia wapi?
Popote, baba. Upande wowote. Hawahitaji mlango.
Nilimsikia akifikiri, na nyuma yake mbwa,
na mtu akipasua kuni.
Basi hao si nyuki, akasema,
kisha akauliza kama huko mvua imenyesha.