Soli ya Kushoto

Miaka sita kiuno kinanila.
Si kila siku. Yangekuwa maumivu ya kila siku ningeyazoea.
Huja nikiinama kutawadha,
huja kwenye ngazi ya tatu ya nyumba yetu ya Mkomani,
yakakaa upande wa kulia, juu kidogo ya nyonga,
kama mtu aliyeshika ufunguo na hataki kufungua.

Shemeji alisema ni kiti:
mimi karani wa ardhi, nashinda nimekunja shingo
juu ya hati za mashamba ya watu.
Nikanunua kiti. Nikanunua na mto wa kiti.
Zaituni alisema ni godoro, tukaimwaga sufi,
tukalala wiki mbili juu ya mbao
kama maiti wangojao kuoshwa.
Mama mkwe alisema, kwa sauti ya chini, ni jicho.
Bwanaheri wa Langoni akaniumika kwa pembe saba;
nikapata usingizi usiku mmoja,
nikamshukuru usiku mmoja.
Hospitali wakanipiga picha.
Daktari akaiinua dirishani:
"Mifupa yako ni ya kijana."
Nikarudi na mifupa yangu ya kijana,
nikapanda ngazi kwa mikono.

Alhamisi ukanda wa kiatu ukakatika.
Skanda, fundi wa nyuma ya soko, hata hakuutazama.
Alivipindua viatu vyote viwili magotini,
akatema misumari kiganjani, mmoja mmoja.
"Hivi ni vya mtu mmoja?"
Cha kulia kisigino kimelika hadi kitambaa.
Cha kushoto kimelika vidoleni tu;
kisigino kingali na mistari ya kiwandani.
"Guu lako la kushoto ni fupi. Lilifanywa nini?"

Nikasema, halikufanywa kitu.

Nilikuwa na miaka tisa.
Tumetoroka chuo, mimi na Shekuwe,
tumo juu ya ukuta wa gofu, twala kungu za wizi.
Mwalimu akakohoa kichochoroni.
Nikaruka.
Kifundo kikavimba kama embe. Mama nikamwambia ni mwiba,
na mbele ya baba nikatembea wima,
nikitabasamu, mwezi mzima.
Mfupa ulikuwa bado wakua. Upande mmoja ukaacha.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Mimi nimeumbuliwa na viatu.

Daktari akanilaza, akanipima kwa utepe:
sentimita moja na nusu.
"Mbona hukusema?"
"Hukuniuliza mguu."
Skanda akakata kipande cha tairi, akakipachika chini ya kisigino,
akakataa pesa ya ukanda, akachukua ya tairi.

Bado kinauma. Naambiwa nivumilie,
ninyooshe misuli asubuhi na jioni, mwili usahau taratibu.
Lakini jana, baada ya Isha, napita kichochoro kile kile,
nikasikia nyayo za mtu nisiyemjua,
sawa, sawa, sawa, juu ya mawe.
Nikasimama kumpisha.
Hapakuwa na mtu.