Kisanduku cha Saba

Karani wa sensa kafika Wanseko na kalamu ya bluu.
"Lugha?"
"Kigungu," akajibu Bitamale.
"Aa, Kinyoro cha ziwani." Akaandika hivyo.

Achim, fundi wa visima vya mafuta, aliweka chini kikombe.
Kwao Silesia babu yake alichimba makaa,
akitaniana na wenzake gizani
kwa maneno ambayo mwalimu, huko juu juani,
aliyaita Kipolandi kilichooza.

"Yenu mwaiitaje?"
"Godka."
Bitamale akalionja: godi-ka, godika.
Akafunua daftari lake la msamiati,
herufi ya G, mstari uliobaki,
akalipachika chini ya jina la kisamaki
alichokula karani mchana
asijue kinaitwaje.