Kifungo na Wapangaji Wake

Nilimwita Kifungo kwa kuwa ndivyo alivyokuja:
mdogo, mweusi, amejiviringisha chini ya cherehani,
kama kitu kilichodondoka kwenye nguo ya mtu
na mtu hakurudi kukitafuta.

Ilikuwa Machi, Mtongani, mvua inajaribu kuanza.
Nikampa dagaa wa jana, akala hadi vichwa.
Kisha akajikuna.
Akajikuna tena, mguu wa nyuma ukienda mbio
kuliko pedali yangu wiki ya Idi.

Nikampulizia manyoya ya tumbo, nikawaona viroboto:
kahawia, bapa, wanapenya baina ya nywele
kama watu wa Kariakoo saa tano,
hakuna anayekusalimu.
Wapangaji hawa hawana mkataba,
hawajalipa mwezi mmoja, seuze sita,
na wanakunywa.
Ufizi wa Kifungo ulikuwa mweupe kama chaki ya kukatia.
Hapo nikaacha kucheka.

Mama Chiku wa chumba cha pili akasema: mafuta ya taa,
mpake mara moja tu, wataisha.
Nikamwambia, na paka naye ataisha.
Mwanawe akaniletea unga wa mbwa wa lindoni;
nikauweka juu ya kabati, mbali.
Paka hulamba kila anachovaa.

Duka la dawa za mifugo, Rangi Tatu.
Kijana mmoja, Nguvumali, shati limempwaya mabegani
(nilimpima kwa macho, sikuweza kujizuia),
akamweka Kifungo kwenye mzani wa vifaranga.
"Gramu mia nne na kumi. Dawa ya matone bado, hawezi.
Mwoshe kwa sabuni ya watoto, maji ya uvuguvugu.
Anza shingoni, uwafungie njia ya masikioni.
Halafu chanuo. Kila siku chanuo, mama."
Nikangoja aseme jingine.
Hakusema. Wala hakunitoza.
Shati lile nitalipunguza mimi.

Jumamosi, beseni jeupe.
Kifungo alilia, na alipolowa akabaki nusu yake,
nusu nyingine ilikuwa hewa.
Maji yakageuka rangi ya chai kavu:
damu yake mwenyewe, inamrudia imechelewa.
Nikawahesabu kwenye povu, arobaini na mmoja.
Nikawapasua kwa kucha za dole gumba, ta, ta, ta,
mkono wa fundi hauogopi kitu kidogo.
Nikalala mshindi.

Jumapili walikuwa thelathini.
Jumatatu, thelathini na wawili.
Jumanne sikuhesabu. Nilikaa na chanuo mkononi,
kifundo cha mguu kinaniwasha,
nikatazama chini.

Chini ya meza kuna gunia la vipande,
vitenge, satini, mabaki ya sare za kwaya,
miaka sita nasema nitamshonea mjukuu shuka;
mjukuu sasa yuko darasa la kwanza.
Ndimo Kifungo alimokuwa akilala.
Nikaingiza mkono, ukatoka umevaa glavu nyeusi,
na glavu inaruka.

Nikaazima sufuria ya pilau, nikapanga mafiga uani.
"Jirani, leo tunapika nini?"
"Satini," nikamjibu Mama Chiku. "Ya nazi."
Godoro likalala juani siku tatu.
Nyufa za sakafu nilizichokoa kwa sindano ya gunia,
nikazifagia, nikazimwagia maji ya moto,
kesho yake tena, kwa kuwa mayai yana subira
kuliko mimi.

Siku ya kumi na saba chanuo likatoka na nywele.
Nikaligonga juu ya karatasi nyeupe.
Nywele.
Kifungo akalala chali, mdomo wazi kidogo,
ufizi umeanza kuiva.

Jioni ile Bi Siwatu akafuata gauni,
mdogo wake anaolewa Tabata.
Nikamfunga zipu mgongoni, akageuka mbele ya kioo.
Begani, juu ya lesi nyeupe, nikaona nukta.
Nukta ikaruka.
Nukta ikatua.
"Fundi, sema kweli. Limenikaa?"

Limekukaa, nikasema.
Limekukaa.