Kwa Uliyeegesha Namba 114

Mimi ni mlinzi wa kliniki ya meno, Mtaa wa Mindu, Upanga.
Sikujui. Nakujua kwa mgongo tu:
shati la bluu lililonyooshwa pasi hadi mishono,
bahasha ya kaki kwapani.
Kufuli likalia ti-ti,
simu ikakwambia safari yako imekwisha,
nawe ukaamini.

Haikuwa imekwisha.
Baiskeli uliiacha imekingama,
usukani ukutani, gurudumu la nyuma ukingoni mwa mtaro,
pale pale ambapo mfuniko wa zege uliibwa tangu masika
na sisi tukachomeka tawi la mkwaju liwe alama.
Kati ya tawi na gurudumu
ikabaki njia ya paka.

Wa kwanza alikuwa Bi Mwanaidi wa magongo,
ana miadi saa mbili, shavu limeumuka kama andazi.
Hakusema neno. Akashuka barabarani,
gongo moja, la pili,
bodaboda ikampigia honi
kana kwamba yeye ndiye aliyepotea njia.

Kisha Hamduni na mpwawe, wamebeba kioo cha kabati
kirefu kama mlango, kwa miguu kutoka Gerezani.
Kijana yuko mbele, anakwenda kinyumenyume.
Nikapiga ukelele: Simama!
Wakasimama. Kioo kikasimama.
Na ndani yake nikauona mtaa mzima umekwama:
muuza ndizi na beseni lake, wanafunzi wawili wa chekechea,
nesi wetu anaangalia saa,
na mimi, kirungu mapajani,
nimekaa.

Nimekaa! Hilo ndilo lililonichoma.
Bi Mwanaidi alishuka barabarani nikimtazama,
huku nasema moyoni: si yangu hii, ni ya kampuni.
Ndivyo tunavyosema wote juu ya kitu cha wote,
kina elfu wa kukipanda
na hakuna hata mmoja wa kukisogeza.

Nikainuka, nikaikokota. Nzito, wewe!
Ikapiga yowe kama mbuzi anayeibwa,
kumbe ukishaifunga haitaki kuguswa.
Watu wakachungulia madirishani,
mlinzi mwenye sare, mchana kweupe,
anaiba baiskeli.

Baadaye nikachana boksi la glavu za daktari,
nikaandika kwa kalamu nene, nikalifunga kwenye usukani:

    Ewe uliyeiweka, baisikeli njiani,
    Watu wametaabika, wapite upande gani,
    Nusu hatua hakika, isogeze ukutani,
    Njia hii ya jirani, nawe pia ni jirani.

(Hilo "hakika" nililitia kwa ajili ya kina.
Marehemu baba angenicheka.
Lakini nusu hatua ni kweli,
niliipima kwa buti langu.)

Jioni nikakabidhi lindo. Asubuhi 114 haipo,
wala boksi halipo. Nikasema, basi,
limeishia mtaroni na maganda ya ndizi.

Siku ya tatu nikalikuta limefungwa kwenye nguzo ya taa,
kamba ile ile, fundo si langu.
Chini ya beti langu, kwa penseli, maandishi ya haraka:
*Samahani bosi. Nilikuwa nachelewa usaili.*
Bila jina.

Leo zipo tatu, zimeegemea ukuta bega kwa bega.
Moja imekanyaga chungu cha maua ya daktari;
nimeisogeza mwenyewe kabla hajafika,
ikapiga yowe lake, safari hii hakuna aliyechungulia.
Bi Mwanaidi amepita katikati ya njia
na magongo yake yote mawili, bila kugeuza kichwa.
Hajui kama kuna lolote lililotokea.
Napenda asijue.

Na wewe, ile kazi, ulipata?
Nauliza tu.
Shati lile lilikuwa limenyooshwa vizuri mno.
Kama ulipata, bila shaka utapita tena huku.
Kushoto kwa geti, karibu na bomba,
pana nafasi.