Bomba Lisilo na Jengo

Mkaguzi amefika kutoka Montgomery
na kofia ngumu isiyo hata na mkwaruzo.
Anataka ramani ya mabomba.
Namwambia: ramani tuliizika Aprili,
imevaa suti ya kahawia na tai ya kuazima.
Anacheka kidogo, halafu anaacha.

Baba yangu, Otha Crenshaw,
aliilea boila ya Chuo cha Larkin Hill
miaka thelathini na minne.
Hakuchora hata mstari.
Nani angemlipa achore?
Alitega sikio ukutani kama daktari,
akasema: hapa pana kikohozi.
Mimi nilishika tochi. Ndivyo nilivyosoma.

Tunaanzia Bweni la Tolliver.
Ghorofa ya pili maji hutoka na rangi ya chai.
Wasichana huyaacha yatiririke,
miswaki mkononi, wakihesabu hadi tisini.
Maktaba ina ndoo kumi na moja, kila ndoo na jina lake.
Ile kubwa, chini ya rafu ya sheria, inaitwa Seneta
(wanafunzi ndio walioibatiza, si mimi)
kwa kuwa hupokea, hupokea,
na haitoi tone.

Januari, barafu ilipopasua bomba la kaskazini,
darasa la hisabati lilihamia kwenye chumba cha boila,
kila mtu na kiti chake kichwani.
Dakta Mabry akaandika kwa chaki ubavuni mwa tangi.
Maandishi yapo mpaka leo: x inakaribia sifuri.
Na chini yake, kwa mwandiko wa mtu mwingine: hata sisi.

Maili nne kutoka hapa, ng'ambo ya reli,
chuo kile kingine kina bwawa la kuogelea
linalofuka mvuke usiku kucha, hakuna anayeogelea.
Jimbo moja, hazina moja,
vijiko viwili.
Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakusema funguo za stoo ya saruji anazo nani.

"Msaada huu," anasema Bwana Pruitt, "ni mkubwa.
Milioni tisa na ushei, mradi fomu zijazwe kabla ya Ijumaa."
Namrudisha kwenye neno lake la kwanza.
Msaada hupewa mtu aliyeunguliwa nyumba.
Anayerudishiwa kilicho chake,
baada ya nusu karne, bila riba,
huyo amelipwa deni, tena kipande.
Anaandika kitu. Sijui kama ni hicho.

Mwisho tunatoka nje, nyuma ya kanisa,
na chombo chake cha kupimia kinalia juu ya nyasi tupu.
Kuna chuma chini, anasema. Kinaenda wapi?
Inchi nane upana, mita sitini urefu,
kisha kinakoma.

Mwaka wa sabini na moja jimbo liliahidi maabara ya kemia.
Mkuu wa chuo akaona bora bomba litangulie,
ili jengo likija lisikute kiu.
Jengo halikuja.
Kila Oktoba baba alifukua mdomo wa bomba lile,
akafungua kifuniko, akayapaka grisi meno yake,
akafunga, akarudishia majani kama alivyoyakuta.
Nilimuuliza mara moja tu.
Akasema: siku wakija,
wasipate kusema sisi ndio hatukuwa tayari.

Mkaguzi anapekua fomu yake.
Kuna kisanduku cha "linavuja,"
kuna cha "limeziba," kuna cha "limekufa."
Cha "linangoja" hakuna.

Nampa sepetu.
Anachimba vibaya, kama mtu wa ofisini, lakini anachimba.
Kifuniko kinafunguka kwa mkono mmoja, hakilii.
Gusa, namwambia.
Grisi ya Oktoba iliyopita
bado laini.