Fungu la Kumi la Paa

Kanisa tuliuziwa na Wamenonaiti waliopungua,
pamoja na benchi zao, piano iliyokosa sauti tatu za juu
na tanuri la chini ya sakafu lililomeza sadaka
mwezi baada ya mwezi, likikoroma.
Bili ya Januari aliisoma Mama Nsimire, mtunza hazina,
kwa sauti ile ile anayosomea Maombolezo.
Hakuna aliyeitikia amina.

Basi tukapandisha paneli ishirini, upande wa kusini.
Alizifunga Bwana Friesen, misumari mdomoni.
Alikulia humo ndani, siku hizi hasali popote,
na bahasha yetu ya shukrani aliirudisha bila kuifungua.

Mimi sikuliamini jua la Winnipeg.
Jua gani linakukodolea macho
huku mate yako yanaganda kabla ya kugusa chini?
Bukavu jua ulilijua kwa mgongo.
Hili ni mgeni aliyevaa vizuri, hakumbatii mtu.
Ila mita haisikii baridi. Ilihesabu.

Tatizo lilikuwa saa tisa.
Kivuli cha msalaba kilishuka kutoka mnarani
taratibu, kama mtu anayetafuta kiti gizani,
kikalala juu ya paneli mbili. Zikanyamaza.

Kikao kilishika moto pasipo umeme.
Vijana walisema: tuusogeze hatua tatu tu.
Shemasi Mushagalusa akasimama, glavu moja mkononi:
Lini Golgotha ilihamishwa kwa sababu ya bili?
Mwingine akataka kujua hatua tatu za nani, mtoto au mtu mzima.

Mama Nsimire hakuinua macho kwenye daftari.
Ishirini, akasema, na mbili zimo kivulini.
Hilo ni fungu la kumi.
Paa limetoa. Nina orodha hapa ya wasiotoa, niisome?

Kikao kikafungwa kwa sala fupi kuliko zote.

Kazi yangu mimi ni ufagio wa mpini mrefu.
Theluji ikianguka usiku, alfajiri niko juu ya ngazi,
kope zimeshikana, nasugua.
Nasugua kumi na nane. Kisha zile mbili,
tena hizo kwa uangalifu zaidi:
hadi saa tisa nazo ni za kwetu.